Mkwara wa Mama Mkwe

Sehemu ya kumi na moja: Ganzi inapoisha

Chini ya kofia pana, miwani myeusi ilishuka taratibu hadi ncha ya pua, ikavuliwa, ikalazwa juu ya kitambaa cha kijani cha meza. Nyuma yake hapakuwa na jambazi, wala askari kanzu, wala tajiri kutoka ng'ambo kama wengi wenu mlivyobashiri wiki nzima.

Alikuwa mama mkwe.

Meno Nje alitaka kupiga yowe. Mdomo ukamkatalia. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala fofofo kwa sindano ya ganzi, na upande wa kulia peke yake hauwezi kupiga yowe la maana.

Lakini adabu haipigwi ganzi.

"Fikamoo, mama," akasema.

Ukumbi mzima ukageuka. Tangu karata za poka zianze kuchezwa mle ndani, hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake katikati ya mchezo. Mgawa karata alibaki na karata moja hewani, hajui kama kanuni zinaruhusu.

Mama mkwe alimtazama kama anayetazama kidudu kwenye unga aliokwisha kuuchekecha. Lakini amkio ni amkio, nalo lisipoitikiwa linamrudia aliyelipuuza.

"Marahaba," akasema, kwa shida, kama anatoa mwiba wa samaki kooni.

Hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kumwambia mkwewe kwa miaka mitatu.

Wewe msomaji uliyeingia leo, usisimame mlangoni. Vuta kiti, tutakwenda haraka.

Meno Nje ni seremala wa majeneza, tena fundi hasa, lakini ana ugonjwa mmoja: anacheka. Akifurahi anacheka. Akiogopa anacheka. Akihuzunika, ndipo anapocheka kuliko siku zote. Mteja anaingia karakanani macho mekundu, anasema amefiwa na shangazi, na fundi anageukia ukutani mabega yakimtikisika. Wateja wakahamia kwa jirani yake, ambaye majeneza yake yamepinda kama ndizi lakini uso wake unajua kuomboleza.

Alicheka hata kwenye mazishi ya baba mkwe wake, huku jeneza amelitengeneza mwenyewe. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumsemesha tena. Akija kula kwa mkwewe na binti yake, alizungumza na vyombo. "Wewe bakuli," angesema, "mwambie mwenzio akusogeze huku."

Kisha poka ikaingia mjini.

Iliingia kama mafua. Mmoja alipiga chafya, kesho yake mtaa mzima umelala. Kinyozi akaandika ukutani: nywele, ndevu na somo la poka. Muuza miwani akaishiwa na miwani myeusi, na watu wakawa wanagongana vichwa ndani ya nyumba mchana kweupe. Kila mmoja alijifunza kukausha uso. Muuza nyanya hakujua tena kama bei yake imemkera mteja au imempendeza. Bwana harusi mmoja, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alikausha uso, akagonga meza kwa kidole, akasema, "Napita." Ndugu wa pande mbili ndio walioiokoa ndoa ile.

Na poka inataka meza. Meza ndefu, zenye pembe za mviringo, zenye kitambaa laini na matundu ya kuwekea glasi. Nani mjini ana mbao nzuri na kitambaa laini, tena hana wateja? Meno Nje akaacha majeneza. Mkewe, mshonaji wa vitambaa vya ndani ya majeneza, alipouliza mbona sasa wanashona kijani, aliambiwa kuwa hizi ni meza za mikutano, na matundu yale ni ya vikombe vya chai vya wajumbe. Isingewezekana kumwambia ukweli. Mkewe huyo huwachukia wacheza karata kuliko anavyochukia panya.

Fundi akaanza na kucheza. Siku ya kwanza alipoambiwa achukue chipsi zake, aliulizia pilipili. Alipofundishwa kwamba chipsi hizi ni vile visahani vya plastiki vya rangi vinavyowekwa badala ya fedha, akacheka, akaketi, akaliwa zote. Kila siku aliliwa. Akipata karata nzuri alicheka kwa meno, akipata mbaya alicheka kwa pua, na kila aliyekaa naye mezani alimsoma kama tangazo la barabarani.

Mpaka leo asubuhi, alipokwenda kung'oa jino.

Alitoka kwa daktari nusu ya uso haisogei, na nusu nyingine haithubutu peke yake. Akajaribu kutabasamu kwenye kioo cha gari la mtu, asione kitu. Akatembea moja kwa moja mpaka ukumbini, kwenye mashindano makubwa, ambako mshindi atapewa kitita cha fedha na, akiwa fundi, kazi ya kutengeneza meza za kumbi zote mpya zitakazofunguliwa. Wenye majina walimcheka. Kufikia saa za chakula cha mchana, wenye majina walikuwa nje kwenye ngazi, mikono mashavuni.

Sasa mezani wamebaki watatu. Meno Nje. Mama mkwe, ambaye watazamaji walikwisha kumpa jina la Bibi Baridi. Na wa tatu ni yule daktari wa meno mwenyewe, ambaye baada ya kumaliza kazi alifunga kliniki, akaja kucheza.

Hapo ndipo tulipo. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

*

Daktari hakushangazwa na habari za mama mkwe. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Alikuwa mtu wa mikono safi na sauti ya upole, sauti ile inayokwambia haitauma. Zamu yake ilipofika, hakuharakisha. Aliinua karata zake, akazilaza. Akaziinua tena. Akafuta miwani. Akaomba maji. Maji yalipokuja, akaomba ya vuguvugu.

"Daktari, cheza," akasema mgawa karata.

"Nacheza," daktari akasema. Kisha akamgeukia Meno Nje kwa huruma. "Jino linaendeleaje?"

"Falama," Meno Nje akasema, akimaanisha salama.

"Mdomo unasisimka? Kama umetembewa na sisimizi?"

Mtu anaweza kumdanganya mkewe, jirani yake, hata hakimu. Daktari wa meno ni vigumu.

"Kidogo," akasema. "Hapa pembeni."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akanywa maji yake ya vuguvugu funda dogo, akaitazama tena saa. Meno Nje akaelewa. Mtu huyu ndiye aliyechoma sindano, na alijua itaisha lini. Alikuwa hana haja ya kushinda sasa. Alikuwa anangoja uso uamke.

Mtazamaji mmoja, mkaanga mayai wa kibanda cha nje, akanyanyua mkono. "Mwenye ukumbi, mimi nina malalamiko. Fundi amepigwa sindano. Kwenye mbio za miguu hiyo ni hatia."

Ukumbi ukachemka. Mwenye Ukumbi alikuwa mtu mnene mwenye suti ya harusi za watu, kwa kuwa kabla ya poka alikuwa akikodisha ukumbi kwa maharusi. Akapanda juu ya kiti.

"Sindano ya nini?" akauliza.

"Ya ganzi."

"Ameichoma nani?"

Watu wote wakamgeukia daktari. Daktari akakohoa. "Kitaaluma," akasema, "siwezi kuzungumzia siri za mgonjwa."

"Mgonjwa umeshamuuliza habari za sisimizi mbele ya watu wote," akasema mama mkwe.

Mwenye Ukumbi akafikiri. Alipofikiri, mashavu yake yalitembea. "Hapa watu wanavaa miwani kuficha macho," akasema. "Wengine wamefuga ndevu kuficha midomo. Huyu ameficha shavu. Nani kati yenu yuko tayari kung'olewa jino ili ashinde?"

Mkaanga mayai akashusha mkono.

"Basi ni halali. Mapumziko mafupi, kisha tunamaliza."

*

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na bomba la maji na kreti tupu za soda. Meno Nje alikuwa anajimwagia maji baridi shavuni, akiiomba ganzi isiondoke, aliposikia viatu.

Mama mkwe alisimama kando ya kreti. Safari hii hakuzungumza na kreti.

"Mke wako umemwambia uko wapi?"

"Kwa daktari wa meno, mama."

"Hujadanganya. Si huyo mmekaa naye." Akajipepea kwa kofia. "Mimi niko kwenye kikao cha wajane."

"Ndio, mama."

"Basi mimi sijakuona, na wewe hujaniona."

"Fijakuona, mama."

Akamtazama shavu lake lililovimba kama andazi. Kitu fulani kikapita usoni mwake, kikapotea kabla Meno Nje hajakijua ni nini.

"Ila nikuambie jambo moja," mama mkwe akasema. "Tukirudi mezani, usinionee huruma."

"Mama, nitakushindaje wewe? Fi itakuwa ni utovu wa adabu?"

"Kushindwa makusudi ndio utovu wa adabu. Utakuwa umeniita mzee." Akavaa kofia. "Na acha kujimwagia maji. Baridi ndiyo inayoiamsha."

Akaondoka. Meno Nje akabaki na maji yanamtiririka shingoni, na akagundua jambo la kutisha.

Aliyahisi yakitiririka upande wa kushoto pia.

*

Karata zikagawiwa, mbili mbili. Meno Nje akainua ncha za karata zake.

Ree. Na nyingine, ree.

Kwa asiyejua poka: ree ndiyo baba wa karata, na kupewa mbili kwa mpigo ni kama kupekua mfuko wa suruali yako ya zamani na kukuta barua ya mtu ambaye bado anakupenda. Kicheko kikaanzia tumboni. Kikapanda. Meno Nje akakikaba kifuani, akaitegemea ganzi. Upande wa kulia wa mdomo ukatikisika. Upande wa kushoto ukajibu, hafifu, kama jirani anayegonga ukuta.

Daktari akaweka glasi chini. Akainama mbele, macho yamekaza kwenye mdomo wa mgonjwa wake. Alichokosa ni taa ya kichwani tu.

Mama mkwe alizitazama karata zake mara moja, akazisukuma mbele. "Natupa," akasema. Akaegemea kiti, mikono kifuani.

Mgawa karata akafungua tatu za katikati. Mfalme. Saba. Ree.

Ree ya tatu.

Meno Nje akauma ulimi. Akautazama mwanga wa dirishani. Akafikiria mchwa, mafuriko, kodi ya mapato. Kicheko hakikurudi nyuma. Daktari akasukuma mlima mdogo wa chipsi, Meno Nje akafuata. Ikafunguliwa karata ya nne, ikafunguliwa ya tano, zote ndogo zisizo na maana. Daktari hakuziangalia hata moja. Alikuwa anangoja sauti moja tu: meno au pua.

Sasa, kanuni za ukumbi ziko wazi. Aliyetupa karata zake haruhusiwi kusema neno juu ya mchezo unaoendelea. Lakini hakuna kanuni inayokataza kuzungumzia mazishi.

"Mkwe," mama mkwe akasema.

Meno Nje akageuka.

"Siku ya mazishi ya mume wangu. Yule msemaji aliposimama akasema marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kumpandishia mtu sauti."

Meno Nje aliingoja siku hii kwa miaka mitatu, na hapa ndipo ilipochagua kuja.

"Mume wangu," mama mkwe akaendelea, sauti yake iko palepale, "alikuwa anaipigia kelele mvua. Aliupigia kelele mlango. Kuku walihama kwetu kwa ajili yake. Na wewe ukacheka."

"Mama, nisamehe."

"Sijamaliza. Na mimi nilitaka kucheka. Nilijing'ata ulimi mpaka ukatoka damu, watu wakadhani ni uchungu. Sikukununia kwa sababu ulicheka. Nilikununia kwa sababu ulicheka peke yako, ukaniacha."



Kitu kikavunjika ndani ya Meno Nje. Akamwona baba mkwe amesimama mlangoni akiikaripia mvua. Akamwona mwanamke huyu amekaa mstari wa mbele, peke yake, na kicheko chake amekimeza pamoja na damu. Huzuni ikampanda kwa njia ileile ambayo huzuni humpandia siku zote. Mabega yakatikisika. Macho yakamjaa. Na kicheko kikatoka, chembamba, cha kuumia, kwa njia moja tu iliyokuwa wazi.

Pua.

"Ahaa," daktari akasema kwa upole, kama aliyeliona tundu kwenye gego. Akazikumbatia chipsi zake zote kwa mikono miwili, akazisukuma katikati ya meza. "Naweka zote."

"Nalipa," Meno Nje akasema, akijifuta machozi.

Daktari akafungua wafalme wawili, na kwa yule wa mezani wakawa watatu. Akaanza kusimama ili apokee pongezi.

Meno Nje akafungua ree zake.

Daktari alikaa tena, polepole, kama mtu anayelazwa kwenye kiti chake mwenyewe. Alitazama karata, akatazama mdomo wa Meno Nje, akatazama karata. "Lakini ilikuwa pua," akasema. "Nimesikia. Ilikuwa pua."

"Pole, daktari," akasema mama mkwe. "Haitauma."

Hapo Meno Nje akacheka kwa meno. Akacheka mpaka pengo likaonekana, mpaka mkaanga mayai akacheka, mpaka watu wa miwani myeusi ambao hawakuwa wamecheka tangu poka iingie mjini wakavua miwani wajifute. Daktari akapewa mkono, akasogezwa kwenye viti vya nyuma. Alikuwa bado ananong'ona habari za pua.

Wakabaki wawili.

*

Karata za mwisho zikagawiwa. Ganzi ilikwisha kabisa. Pengo linamgonga Meno Nje kama ngoma, na uso wake uko uchi mbele ya meza.

Lakini hakuwa na habari na uso. Kulikuwa na swali lililomkaa kooni, na kila alipolimeza lilirudi.

Mama mkwe alimpa maneno yale wakati gani? Wakati daktari anasubiri pua. Mwanamke ambaye amewafagia wanaume mezani tangu asubuhi bila kupepesa jicho, ghafla anafungua moyo, dakika ileile inayomwondoa adui yake?

"Mama," akasema. "Yale uliyosema ya mazishi."

"Mm."

"Yalikuwa kweli? Au ulipiga mkwara?"

Mgawa karata alifungua za katikati, tatu, kisha moja, kisha ya mwisho. Malkia wawili walilala kwenye kitambaa cha kijani pamoja na takataka nyingine: tisa, nne, mbili. Mama mkwe akazitazama. Kisha akaweka viganja vyake nyuma ya chipsi zake, zote, akazisukuma mbele kwa mwendo mmoja, kama anayefagia uwanja.

"Mezani hakuna jibu la bure, mkwe wangu," akasema. "Lipa uone."

Meno Nje akainua ncha za karata zake.

Malkia. Na malkia.

Malkia wote wanne wa pakiti walikuwa wake. Mle ukumbini, na nje ya ukumbi, hakukuwa na karata mbili za kumshinda. Kazi ya meza ilikuwa mfukoni. Angekuwa fundi wa kumbi zote mpya, asingelazimika tena kugeukia ukutani mbele ya wafiwa. Na kwa chipsi zilezile angepata jibu lake.

Alimtazama mama mkwe. Alikumbuka aliloambiwa bombani: usinionee huruma.

"Nalipa," akasema, akasukuma zote.

Watazamaji wakapanda juu ya viti. Mama mkwe akashika karata yake ya kwanza ili aifungue.

"Samahani," ikasema sauti ya mwanamke kutoka mlangoni. "Namtafuta mume wangu. Nimekwenda kliniki kumpelekea uji, nimekuta imefungwa, pameandikwa daktari yuko kwenye poka."

Meno Nje aliijua sauti ile. Aliisikia kila asubuhi.

Akaanza kuteleza chini ya meza. Alikuwa ameifikia nusu alipokumbuka kwamba ni yeye aliyeitengeneza, na kwamba alizipunguza nafasi za magoti ili kuokoa mbao. Akakwama. Mkewe akapita katikati ya watu, chupa ya uji kwapani, akamwona mumewe nusu juu nusu chini.

"Meza ya mikutano," akasema.

"Mke wangu, nifikilize," Meno Nje akasema, ingawa ganzi ilikwisha zamani.

Lakini mkewe hakuwa anamtazama tena. Alikuwa anaitazama kofia pana. Akaenda upande wa pili wa meza, akainama, akachungulia chini ya ukingo wa kofia. Rangi ya uso ikambadilika.

"Mama," akasema polepole. "Umeanza tena?"

Tena. Neno lile likadondoka mezani kama kijiko. Meno Nje akasahau kwamba magoti yanamuuma.

"Ni kikao cha wajane," mama mkwe akasema.

"Mara ya mwisho ulipokwenda kwenye kikao, nilikuwa darasa la nne. Uliliwa mlango wa mbele kwa karata, tukakaa msimu mzima wa mvua bila mlango. Unafikiri baba alikuwa anaipigia kelele mvua kwa nini?"

Watu wakamgeukia mama mkwe. Bibi Baridi alikuwa ametazama chini.

"Mama. Mara hii umeweka nini?"

Mwenye Ukumbi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya biashara, mikono amepachika kwenye suti yake. "Mama alikuwa hana fedha taslimu ya kiingilio. Tukaelewana. Akishinda, anachukua mali yake na zawadi juu. Akishindwa, kiwanja ni changu."

"Kiwanja kipi?" Meno Nje akauliza.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mtu mzee, "kwani tunavyo vingapi?"

Wanacho kimoja. Marehemu alikiacha kwa mkewe. Juu yake kuna karakana ya majeneza, na nyuma ya karakana kuna vyumba viwili anamolala Meno Nje na mkewe.

"Pazuri sana pale," Mwenye Ukumbi akasema, akimpigapiga fundi begani. "Nitabomoa, nijenge ukumbi wangu wa kwanza mpya. Na usijali, fundi. Ukishinda, meza zake utatengeneza wewe."

Mke wa Meno Nje akaketi kwenye kiti alichokiacha daktari, chupa ya uji ameikumbatia. Mama mkwe akafungua karata zake mbili: tatu, na sita. Takataka tupu. Mkwara mtupu, kuanzia juu hadi chini.

Basi na ya mazishi je?

Meno Nje akamtazama machoni apate jibu. Mama mkwe alikuwa anamtazama mdomo, kwa sababu kitu kilikuwa kimeanza kutokea pale. Kicheko kilikuwa kinapanda, na hakikuwa cha meno wala cha pua. Hakuna mtu mle ndani, hata mwenyewe, aliyewahi kukisikia.

Viganja vyake vilikuwa vimefunika malkia wawili. Akivifungua, anashinda, na kesho hana pa kulala. Akizitupa bila kuzifungua, mama mkwe anashinda na kiwanja kinabaki, lakini hakuna atakayejua kamwe kilichokuwa ndani, na jirani yake wa majeneza yaliyopinda atabaki mfalme wa mtaa.

Mgawa karata akaweka kidole mezani, mbele ya viganja vile.

"Fundi," akasema. "Fungua."